Maduka ya "Sitini na Nne"

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Uganda hupanda mpaka Timboroa, mahali penye baridi hata katika jua la saa sita, ambapo reli imepita katika kimo cha zaidi ya futi 9,000. Kutoka hapo njia huteremka taratibu, ikipita Burnt Forest, na nchi tambarare ya Uasin Gishu hufunguka mbele yake, mahindi upande mmoja na ngano upande wa pili. Penye mto Sosiani ndipo ulipo Eldoret.

Siku hizi huo si mji mdogo tena. Tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hati ya kuwa jiji, nao una chuo kikuu, viwanda, na kiwanja cha ndege za kwenda nchi za mbali. Lakini mtu akisimama katika Barabara ya Uganda saa moja ya asubuhi, wakati vitasa vinapofunguliwa na wafagiaji wanapomwaga maji barazani, ataona kwamba moyo wa mahali hapa ni safu ya maduka, kama ulivyokuwa tangu mwanzo. Mbegu, mbolea, misumari, mabati, dawa za ng'ombe, nguo za shule, magodoro: vitu vile vile anavyovihitaji mkulima, vimewekwa pale pale anapoteremka kutoka katika gari. Kilichobadilika mara nyingi ni majina yaliyoandikwa juu ya milango, na kila badiliko lilikuwa na habari yake.

Wazee wa nchi ile hawakusema Eldoret. Walisema "Sitini na Nne", na wenyeji waligeuza namba hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao ikawa Sisibo. Namba hiyo ilitoka katika ramani ya mashamba. Nchi ya Uasin Gishu ilikuwa malisho ya Wasirikwa hapo kale, kisha ya Wamaasai, kisha Wanandi wakalisha humo ng'ombe wao. Vita vya Waingereza na Wanandi vilipokwisha mwaka 1906, baada ya kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwezi wa Oktoba 1905, Wanandi walisukumwa katika sehemu waliyotengewa, na nchi tambarare ikagawanywa kwa namba. Mwaka 1908 walikuja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, zaidi ya watu 200 pamoja na wake na watoto wao. Walishuka melini Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, kisha wakaingia msituni na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakafika Sergoit mwezi wa Oktoba.

Serikali ilipotafuta mahali pa kuweka posta kwa ajili ya watu hao mwaka 1910, ilichagua shamba namba 64, kwa sababu udongo wake ulikuwa hafifu na hapakuwa na mkulima aliyelitamani. Hivyo shamba lililoonekana halifai kitu ndilo lililokuja kuwa na thamani kuliko mashamba yote yaliyolizunguka. Wako wasemao kuwa namba ile ni hesabu ya maili kutoka reli, lakini habari ya shamba ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwaka 1912 Gavana Girouard aliupa mji jina la Eldoret, kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe; naye amtazamaye Sosiani wakati wa kiangazi hataliuliza jina hilo lilitoka wapi.

Basi, posta ilikuwako, lakini posta haiuzi sukari. Mwenye kutaka kufungua duka katika Sitini na Nne alipaswa kwanza kuishinda njia. Reli ilikuwa Londiani, na mizigo yote ilipanda kutoka huko kwa magari ya ng'ombe. Gari moja lilihitaji maksai kumi na sita. Wakati wa kiangazi safari ilikuwa ya siku kadhaa. Mvua ikinyesha, magurudumu yalizama katika tope mpaka ekseli, nao wachukuzi wakapiga kambi wakingoja jua. Chumvi na sukari zilizolowa njiani zilikuwa hasara ya mwenye mali. Ndiyo sababu bei za duka zilipanda na kushuka pamoja na mvua, na mteja aliyelalamika alionyeshwa njia kwa kidole.

Mwaka ule ule wa 1912 ilikuja Standard Bank ya Afrika ya Kusini. Hadithi ya kuja kwake imesimuliwa katika Uasin Gishu kwa zaidi ya miaka mia, nayo ni hivi. Meneja wa benki, Bwana J. C. Shaw, alifika na sanduku la chuma la kuwekea fedha juu ya gari la ng'ombe. Walipojaribu kuliteremsha, lilianguka chini kwa kishindo, na uzito wake ulikuwa mkubwa hata halikuweza kuinuliwa tena. Hapakuwa na winchi wala watu wa kutosha. Basi wakaliacha pale pale lilipoangukia, wakajenga kuta za udongo kulizunguka, na hilo ndilo lililokuwa jengo la benki. Huenda masimulizi yameongeza chumvi kidogo, kama ilivyo desturi ya hadithi za njiani. Hata hivyo jambo moja ndani yake ni kweli tupu: katika mji huu fedha ilikuwa na mahali pake maalumu, na watu walijipanga kuizunguka, wengine karibu, wengine mbali sana.

Walio karibu kabisa walikuwa wenye mashamba makubwa. Wa pili walikuwa Wahindi wenye maduka. Hawa hawakuruhusiwa kupewa mashamba katika nyanda za juu, kwa maana tangu mwaka 1908 Serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ardhi ile isigawiwe watu wasio Wazungu. Mlango uliobaki wazi kwao ulikuwa wa biashara mjini, nao wakauingia kwa bidii. Duka la namna ile lilikuwa la mabati na mbao, kaunta mbele, magunia sakafuni, na nyuma yake vyumba viwili ambamo jamaa nzima ilikaa. Barazani aliketi fundi na cherehani yake, akishona kaptura na kanzu mteja akingoja. Ndani palikuwa na merekani na bafta, mablanketi, sufuria, majembe, panga, mafuta ya taa, chumvi, viberiti, sabuni ya mche, na shanga kwa ratili. Kulikuwa pia na Wasomali waliouza ng'ombe, na Waswahili waliofika na misafara na kubaki. Lakini safu ya maduka ilikuwa ya Wahindi hasa, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka hamsini.

Inafaa kueleza duka hilo liliishije, kwa kuwa wengi waliona mizani tu na hawakuona daftari. Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mwezi wa Machi au Aprili na kuvuna mwezi wa Oktoba au Novemba. Ana fedha mara moja kwa mwaka. Miezi iliyobaki hula, huvaa na hununua vipuri kwa kuandikiwa. Mwenye duka naye hakuwa na fedha za kungoja muda mrefu kiasi hicho. Alichukua mali kwa kauli kutoka kwa mwenye duka la jumla wa Nakuru au Nairobi, alipe baada ya siku sitini au tisini. Yule wa jumla alichukua kutoka kwa mwagizaji wa Mombasa, na mwagizaji akaitegemea benki. Kutoka sanduku la chuma mpaka kibaba cha chumvi palikuwa na mnyororo mmoja mrefu wa watu walioaminiana, na wengi wao walifungwa na ujamaa, dini au kijiji kimoja cha Gujarat. Mali kauli ndiyo iliyokuwa rasilimali yenyewe. Mtu aliyekuwa na rafu tupu lakini mwenye kauli aliweza kufungua duka kesho yake. Mwenye rafu zilizojaa akipoteza kauli, alifunga kabla ya mwaka kwisha.

Mnyororo huo ulipata misukosuko. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wakulima wengi walipanda kitani, ambacho bei yake ilikuwa imepanda ajabu. Bei ikaanguka ghafla mnamo 1920 na 1921, na madeni yaliyokuwa katika madaftari ya Eldoret hayakulipika. Wakati huo huo fedha yenyewe ilibadilishwa. Kati ya mwaka 1920 na 1922 watu walitoka katika rupia wakaingia florini, kisha wakatoka katika florini wakaingia shilingi. Mwenye duka alikuwa na deni katika fedha moja, mteja katika nyingine, na mfanyakazi wa shambani mwenye sarafu chache mfukoni aliambiwa kaunta moja hivi na kaunta ya pili vile. Si ajabu watu wa vijijini walikaa muda mrefu wakiishuku fedha na kuwaamini mbuzi.

Mwaka 1924 reli ilifika. Mpaka leo hakuna jambo lililobadilisha barabara ile kwa haraka kuliko filimbi ya gari la moshi. Bei za mizigo zilishuka, tope la Londiani likasahauliwa, na mahindi ya Uasin Gishu yakaweza kufika Mombasa bila kumaliza thamani yake njiani. Maduka ya mabati yalianza kupisha yale ya mawe na matofali. Mwaka 1928 maji ya mferejini yalitolewa Sosiani, na mwaka 1933 umeme ukawashwa. Kukawa na vinu vya unga na viwanda vya kukamulia magome ya muwati yapate dawa ya kutengenezea ngozi. Mteja aliyezidi kuongezeka kuliko wote alikuwa Mwafrika: Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mjaluo aliyekuja kufanya kazi mashambani na mjini. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini walikuwa wengi, na blanketi, sukari na majani ya chai waliyonunua mwisho wa mwezi ndivyo vilivyolipa kodi za majengo yale mazuri.

Kununua alikaribishwa. Kuuza lilikuwa jambo lingine. Ardhi ya kandokando ilikuwa ya Wazungu kwa sheria, viwanja vya barabara kuu vilikuwa vya wenye mitaji, na Mwafrika mwenye nia ya biashara alikuwa na nafasi katika sehemu ya makazi ya Waafrika au katika masoko ya vijijini kwao, huko Nandi na Elgeyo. Askari wa K.A.R. waliporudi kutoka Burma na Uhabeshi baada ya 1945, wengi nchini walitia akiba zao katika maduka. Walikuwa wameona dunia, walijua hesabu, na hawakuogopa kazi. Mengi ya maduka hayo hayakudumu. Ilisemwa wakati ule kwamba Mwafrika hajui kuweka vitabu na huwapa jamaa zake mali bure. Yamo ya kweli katika hayo. Lakini katika lawama zote zile ni mara chache kutajwa sheria ya mwaka 1948, iliyomkataza mfanyabiashara asiye Mwafrika kumkopesha Mwafrika mali ya zaidi ya shilingi 200 bila kibali cha ofisa wa Serikali. Akimkopesha bila kibali, asitegemee korti kumsaidia kulipwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: Mwafrika alindwe asizame katika deni. Sheria za namna hiyo zilikuwako hata kabla. Ila mwenye kuelewa duka liliishije ataona mara moja sheria ile ilifanya nini. Shilingi 200 hazijazi duka. Mwenye duka la Kihindi alipokea kauli ya miezi mitatu kwa neno lake tu. Jirani yake Mwafrika alilipa fedha taslimu kwa kila gunia la sukari, na gunia likiisha kabla fedha hazijarudi, rafu ilibaki tupu. Watu wawili walikimbia mbio moja, mmoja amefungwa mguu, kisha ikaandikwa kwamba huyo mmoja ni mzito.

Sheria hiyo ilidumu mpaka karibu na Uhuru. Kenya ilipojitawala mwaka 1963, barabara kuu ya Eldoret ilikuwa bado na majina yale yale juu ya milango, ijapokuwa wakulima wa Kizungu walikwisha kuanza kuuza mashamba na Makaburu wengi walikuwa wamefunga mizigo kurudi kusini. Kwa mwenye duka haikuwa jambo dogo: mteja aliyekuwa akiandikiwa mali ya mwaka mzima alipoondoka, ukurasa wake katika daftari ulifungwa, na kwa bahati mbaya si kila ukurasa uliofungwa ulikuwa umelipwa.

Mwaka 1965 Serikali mpya iliunda Shirika la Biashara la Taifa, yaani K.N.T.C., ili liagize na kugawa bidhaa kwa wenye maduka Waafrika. Mwaka 1967 ikapitishwa sheria ya leseni za biashara. Asiyekuwa raia hakuruhusiwa tena kuuza vitu fulani, wala kufanya biashara nje ya sehemu zilizotajwa za miji mikubwa. Katika miji kama Eldoret barua za kunyimwa leseni zilianza kufika. Wahindi waliokuwa wamechukua uraia walibaki. Wengi wasiokuwa nao, hata waliozaliwa nyuma ya kaunta ile ile, waliuza mali kwa bei ya hasara, wakaenda Uingereza, hasa katika pilikapilika za kabla ya Machi 1968, wakati Uingereza nayo ilipokuwa ikiwafungia mlango. Ni vigumu kuitazama habari hii kwa jicho moja. Aliyengoja nje kwa miaka hamsini alikuwa na haki ya kuingia. Naye aliyetolewa hakuwa ndiye aliyeitunga sheria ya mwaka 1948.

Wengi wa Waafrika walioingia walisaidiwa na mikopo ya shirika la I.C.D.C. Walilipia jengo, walilipia kaunta na mizani, walikabidhiwa funguo. Kauli hawakukabidhiwa. Muuzaji wa jumla aliyekuwa akimtumia Mhindi magunia arobaini kwa barua ya mistari miwili alimtaka mwenye duka mpya alete fedha kwanza, au hati ya benki, na benki ikataka dhamana ambayo mtu huyo hakuwa nayo. Baadhi walishindwa katika miaka michache wakakodisha majengo. Baadhi waligundua dawa: waliungana watu watano au kumi, wakanunua mali kwa pamoja, au walilima. Mwenye ekari thelathini za mahindi na duka moja mjini alikuwa na miguu miwili, na huyo ndiye mfanyabiashara wa Eldoret aliyedumu. Hata leo ni vigumu kumpata mwenye duka wa zamani katika mji huo asiye na shamba.

Kisha fedha ikaja kwa njia ambayo mwenye benki yoyote ya mwaka 1912 asingeiota: kwa miguu ya watu. Kipchoge Keino alipokwisha kushinda katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya Munich mwaka 1972, alifungua duka la vifaa vya michezo katika Eldoret. Wakimbiaji waliomfuata, waliolipwa katika mashindano ya Ulaya na Marekani, walinunua viwanja na kujenga maghorofa. Moses Kiptanui, bingwa wa dunia wa mbio za kuruka viunzi na maji, ni mmoja wa waliojenga katikati ya mji. Hawa walilipa taslimu. Vijana waliotoka katika vijiji ambavyo baba zao walikuwa wakiandikiwa sukari ya robo ratili wakawa ndio wenye kupokea kodi za maduka.

Barabara hiyo iliona pia mwezi wa Januari 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutangazwa, maduka yaliporwa na mengine yakachomwa moto, watu wakauawa mjini na vijijini, na katika Kiambaa, karibu na mji, kanisa lenye wanawake na watoto lilitiwa moto siku ya kwanza ya mwaka. Kwa wiki kadhaa milango ilibaki imefungwa. Walipoanza kurudi, wenye maduka waliwakuta wateja wamegawanyika, huyu hanunui kwa yule. Madaftari ya madeni yalikuwa yameungua pamoja na mali, na mwenye duka asiye na daftari hutegemea kumbukumbu na uaminifu wa mdeni. Wapo waliorudi kulipa bila kuulizwa. Wapo ambao hawakuonekana tena.

Ilikuwa pia mwaka 2007, mwezi wa Machi, huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini. Katika Eldoret, kama kwingineko, vibanda vyake vilijipenyeza kila penye upana wa meza, chini ya ngazi, mlangoni mwa duka la viatu, kwenye baraza alipokuwa akiketi fundi wa cherehani. Majengo ya zamani yamekatwa ndani kwa mbao na vioo, na palipokuwa duka moja sasa pana wauzaji kumi na wawili, kila mmoja na kufuli yake. Kodi hulipwa kila mwezi, mavuno yawe yamekuja au bado.

Mwezi wa Machi ukifika na mawingu yakianza kukusanyika upande wa Timboroa, malori ya mbolea huegeshwa kando ya barabara na wakulima hujaa mbele ya maduka ya mbegu. Wengine huhesabu noti, wengine hubonyeza simu. Na katika duka lililo pembeni, mzee aliyevaa koti la mvua huinama juu ya kaunta, akamnong'oneza mwenye duka maneno machache. Mwenye duka humtazama kidogo, akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari lenye jalada gumu, akauliza, "Mifuko mingapi, mzee?"